Hodi, Wazee wa Laga

Baba,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si pasta, wala rafiki yangu Halima, ninayemwambia karibu kila kitu. Tangu tulipokuzika, sijaimba. Kanisani nasimama mahali petu pale pale, karibu na dirisha lisilo na kioo, nafungua mdomo na kuufunga pamoja na wengine. Maneno nayajua yote, unajua vile ninavyoshika maneno. Lakini sauti haitoki. Jumapili moja mke wa pasta alinishika mkono akaniambia, "Akiru, Mungu amekutia nguvu, mimi nakuona vile unaimba." Nikaangalia chini. Baba, mimi natafuna hewa tu.

Si kwamba nimemkasirikia Mungu. Ningekuwa nimekasirika, labda ningejua pa kuanzia. Ni woga. Naogopa kwamba nikiimba atanisikia, kama alivyokusikia wewe, na halafu hatafanya kitu.

Ulikuwa ukisema mbele za wageni, "Huyu wangu haongei na watu, anaongea na karatasi," nami nilikuwa nikijificha nyuma ya mlango. Basi leo naongea na karatasi. Ni Jumapili mchana, Mama amelala kidogo, mdogo wangu Ekai anachunga mbuzi hapa karibu ambapo namwona. Mama hamruhusu kupita ule ua wa miiba.

Matairi yako ya zamani bado yamelundikwa nyuma ya nyumba. Kuku mweupe ametaga ndani ya moja, na Mama amekataa mtu yeyote asiliguse mpaka vifaranga watoke. Watu bado wanakuja kuulizia viatu vya akala. Juzi alikuja mzee mmoja kutoka sokoni Isiolo, hakuwa na habari, akapiga hodi na kuita, "Fundi! Fundi!" Mama akatoka, akasimama tu pale mlangoni. Ikabidi mimi nimwambie. Nilisema kwa sauti ndogo hata akanifanya nirudie, na kurudia ndiko kulikoniumiza.

Chakula siku hizi tunakula bila kuomba. Hakuna aliyeamua hivyo. Siku ya kwanza baada ya wageni wa matanga kuondoka, Mama alifunua sufuria, tukangoja, kila mtu akimngoja mwenzake, halafu Ekai akachukua kijiko. Imebaki hivyo. Asubuhi pia. Yale maneno yako ya mlangoni, "Bwana, tangulia, sisi tuko nyuma," hakuna anayeyasema. Mimi siwezi, Baba. Kila nikiyafikiria nauliza: siku ile hakutangulia? Au alitangulia, wewe ukabaki nyuma peke yako?

Nakumbuka asubuhi zetu za kwenda shule. Unatoka mbele, Ekai katikati, mimi nyuma na mkoba wa vitabu. Tunashuka mpaka kwenye ule mgunga mkubwa kabla ya laga, ule mto wa mchanga usio na maji, na hapo unasimama. Kila siku. Unainama, unashika kamba ya akala yako, unaivuta, unaifunga upya, na sisi tunangoja. Mama alikuwa akikucheka: "Fundi wa viatu vya watu, kiatu chake mwenyewe kinalegea kila asubuhi! Si ni aibu?" Nawe ulikuwa ukimjibu, "Mganga hajigangi, mama watoto." Kisha unasimama wima, unakohoa, na unaanza.

Ee Baba, ile sauti yako! Samahani, lakini hata mbinguni naamini wameomba uwekwe nyuma kabisa kwenye kwaya. Ilipasuka katikati ya kila neno kama ngamia aliyenyimwa maji.

*Hodi, hodi, wazee wa laga,*
*ni watoto wa Bwana wanapita.*
*Hatuna mkuki, hatuna rungu,*
*tupisheni twende, tufike salama.*

Ekai naye anajibu kwa sauti nzito, akijifanya ndovu: "Kariiibuuu!" Na kutoka ng'ambo, kwenye mawe, vijana wanaochunga wanapiga mbinja: "Redio imewashwa! Redio, ongeza sauti!" Hilo ndilo jina walilokupa, nawe ulilifurahia. Mimi nilitamani mchanga unimeze, hasa Halima alipokuwepo, maana shuleni aliniita Binti ya Redio mpaka hata mwalimu wa Kiswahili akaanza kuniita hivyo.

Lakini tulivuka. Tulisikia matawi yakivunjika kwenye vichaka vya mswaki, tukaona migongo ya kijivu ikisogea kando taratibu, kama wazee wanaompisha mgeni barazani. Ulituambia ndovu si mbaya, kitu asichopenda ni kushtukizwa. "Mpigie hodi kabla hujafika. Hata wewe mtu akiingia kwako bila hodi utashika fimbo."

Kitu kimoja sikukiuliza wakati ule. Nyumbani, ukikaa kivulini unakata matairi, ulikuwa unaimba kwa sauti ya chini, na haikupasuka hata kidogo. Ilikuwa sauti nzuri. Nilikuwa naisikia nikisoma. Sikuwahi kuziweka hizo sauti mbili pamoja na kujiuliza kwa nini.

Jioni ile ulisema unakwenda ng'ambo kumwombea mgonjwa na utarudi kabla chai haijapoa. Upepo ulikuwa mkali, mabati yalikuwa yanapiga kelele, Mama akakuambia lala huko huko kama umechelewa. Mzee Guyo, baba yake Halima, ndiye aliyekuja kutuambia kwamba ndovu amekukuta kwenye laga. Alikuja akikimbia, mtu mzima vile, kanzu ameishika mkononi.

Kwenye matanga watu walisema mengi. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu, wakanywa chai. Wengine walinong'ona kwamba zile nyimbo ndizo zilizomwita yule mnyama, kwamba mtu hafai kupiga kelele porini kama yuko sokoni. Baba mdogo alituita mimi na Ekai kando akatuambia, "Kuanzia leo mnapita kimya. Kimya kabisa. Hakuna mambo ya hodi. Mmesikia?" Tulisikia. Mama pia alisikia.

Basi tukaanza kupita kimya kama wezi. Nilimshika Ekai mkono, tukakanyaga mchanga kwa ncha za vidole. Baba, hofu ya kupita kimya ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ukipiga kelele unajisikia wewe mwenyewe. Ukinyamaza unasikia kila kitu kingine. Ndege akiruka, moyo unaruka. Jani likianguka, Ekai ananikaba mkono mpaka kucha zinaingia.

Asubuhi moja tulizunguka kichaka cha mswaki na ndovu alikuwa hapo. Si mbali, Baba. Hapo. Hakujua tunakuja, na sisi hatukujua yupo. Nilisikia tumbo lake likinguruma kama gari linalokataa kuwaka. Masikio yakafunguka. Niliona vumbi kwenye kope zake. Nilitaka kupiga hodi, naapa, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, lakini hayakutoka. Nikamvuta Ekai nyuma, hatua baada ya hatua, sijui kwa muda gani, mpaka tukafika kwenye mgunga, na hapo tukakimbia mpaka nyumbani. Yule ndovu alipiga kelele moja tu kutoka kule nyuma. Bado naisikia nikifunga macho kanisani, ndiyo maana siku hizi siyafungi.

Ekai alikuwa amelowesha kaptula. Hakulia. Alikaa nyuma ya nyumba kwenye matairi yako na akasema hatavuka tena laga. Tangu siku hiyo hajaenda shule. Mama amembembeleza, amemchapa, kisha akalia kwa sababu amemchapa. Mwalimu wake ametuma salamu mara nyingi. Mimi nilipumzika kidogo tu, kisha nikaanza kuzunguka kwa njia ndefu ya barabarani, nafika shuleni jua limepanda, nasimama nje na wachelewaji. Njia hiyo ni ndefu mno kwa miguu ya Ekai.

Wiki iliyopita Mama aliamua. Alisema akiwa anachambua maharagwe, bila kuinua kichwa: "Jumatatu asipovuka, ataenda kukaa na shangazi yake mjini. Asome huko." Ekai akatoka kwenda kwa mbuzi. Shangazi ni mtu mzuri, lakini unajua Ekai hawezi kulala bila kusikia mbuzi. Na nyumba hii, Baba, ilikuwa na watu wanne. Akienda tutabaki mimi na Mama, wawili tusioongea.

Nikajua ni lazima mtu aimbe. Na nikajua siwezi, mpaka nipate jibu la swali moja ambalo nilikuwa nalikimbia tangu jioni ile. Je, ulikuwa unaimba?

Majibu yote mawili niliyaogopa. Kama ulikuwa unaimba, basi hodi yako haikusaidia, na Mungu uliyemwambia atangulie alinyamaza. Kama hukuwa unaimba, basi labda ulikuwa umechoka na kuacha, labda hata wewe uliacha, na mimi nitashika nini? Nililala na hayo mawili, moja upande huu, moja upande ule.

Jana nilikwenda kisimani. Mzee Guyo alikuwa ananywesha ngamia wake, Halima akimsaidia kuvuta maji. Nilisimama pale mpaka Halima akaniuliza kama nimepandwa kama mti. Nikamsalimia mzee. Nikamwambia nina swali.

Akaweka ndoo chini. "Binti ya Redio! Leo unaongea? Halima, ita hao ngamia wote wakuje, wawe shahidi."

"Abba, wacha kumsumbua," Halima akasema.

Nikauliza. Nilirudia mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakusikia. Hakucheka tena. Alikaa kwenye jiwe, akavua kofia, akaivaa tena.

"Aliimba," akasema. "Mimi nilikuwa juu kwa mawe na mbuzi. Nilisikia yeye kabla sijaona yeye. Lakini hiyo jioni upepo ilikuwa mbaya. Ilichukua sauti yake ikaleta kwangu, haikupeleka kwa laga. Na huyo ndovu alikuwa na mtoto mdogo. Mimi nilisikia hodi, yeye hakusikia. Ni hivyo tu, binti. Hakuna mtu alikosa."

Nilisimama. Nilitaka kuondoka. Lile jibu nililoliogopa zaidi ndilo nililolipata.

Halafu akaniuliza, "Unajua baba yako alikuwa mwoga?"

Baba, nilikasirika. Mimi, nikasema kwa sauti, "Hakuwa!" Hata ngamia mmoja aligeuka. Halima akatoa macho.

"Usikasirike. Mwoga kama mimi, kama mtu mwenye akili. Mimi nimemwangalia kutoka juu miaka mingi. Anafika kwa ule mti. Anainama, anashika kamba ya kiatu. Siku moja nikamwambia, wewe fundi, unatengenezea dunia yote viatu, yako iko na shida gani? Akacheka. Akaniambia, Guyo, kiatu haina shida. Ni magoti. Nikifika hapa magoti inatetemeka. Sasa nainama hapa, naomba Mungu kidogo, watoto wanafikiri ni kamba. Magoti ikitulia nainuka. Ikikataa kutulia, nainuka tu."

"Na ile sauti?" Halima akauliza.

"Ile sauti?" Mzee Guyo akachukua ndoo yake. "Ile ni sauti ya mtu anaogopa na anaenda. Wewe ulifikiri ni ya nini?"

Nilirudi nyumbani polepole. Nilipita kwenye mgunga, nikainama pale ulipokuwa ukiinama. Mchanga kwenye mizizi umebonyea kidogo. Labda ni mimi tu ninayetaka uwe umebonyea.

Mimi nilidhani wewe ulikuwa na imani na mimi nina woga. Nilidhani hivyo viwili haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja, kwamba siku woga ulipoingia ndani yangu, imani ilitoka kwa mlango wa nyuma. Kumbe kila asubuhi, ya mvua na ya kiangazi, ulivuka ukiwa na vyote viwili, na mimi nilikuwa nyuma yako nikiona aibu kwa sababu ya sauti yako.

Sitakudanganya, Baba. Bado sijui kwa nini Mungu hakuugeuza upepo ule. Nimemwuliza. Nilimwuliza jana kwenye mgunga, na leo kanisani watu wakiimba nilimwuliza tena. Hajanijibu. Lakini baadaye nikagundua kitu: ni yeye ninayemwuliza. Sikwenda kuuliza kwingine. Miezi hii yote nilidhani nimeacha kuomba, kumbe nilikuwa nagonga mlango ule ule.

Niliiweka karatasi kando, na sasa ni usiku. Wakati wa chakula Mama aliteremsha sufuria, akashika kifuniko. Nikasema, "Bwana, tangulia, sisi tuko nyuma." Basi. Sikuongeza, sikuwa na zaidi. Sauti ilitetemeka vibaya. Ekai aliacha kijiko hewani. Mama hakufunua sufuria, mvuke ulikuwa unatoka pembeni unamchoma vidole, na hakufunua. Halafu akasema "Amina" kama mtu anayejaribu kiatu kipya, akapakua.

Kisha nikamwambia ninachotaka kufanya kesho. "Ukiona upepo ni mkali," akasema, "mnarudi. Hata kama ni mtihani. Unarudi na mtoto wangu. Nawe pia ni mtoto wangu." Aliondoka haraka kwenda kuangalia kuku kwenye tairi.

Naogopa, Baba. Naogopa kesho, naogopa kwamba nitafika pale na mdomo utafunguka na kutafuna hewa, na Ekai ataniona. Naogopa pia kwamba nitaimba, na itakuwa kama jioni yako. Hilo siwezi kulikataa. Kwako lilitokea.

Sitakuahidi kwamba sitaogopa. Nakuahidi kwamba maadamu naishi upande huu wa laga, sitapita mlangoni kwa mtu bila kupiga hodi, si kwa wazee wenye masikio makubwa, wala kwa Mungu. Na sitaruhusu chakula kiliwe kimya katika nyumba yako. Lala, Baba. Nenda na amani ambayo ulikuwa ukituombea sisi kila asubuhi ukiwa umeinama. Sasa magoti yako yametulia. Zamu ni ya magoti yangu.

Mwanao,
Akiru

Naongeza haya Jumatatu, baada ya shule. Asubuhi upepo haukuwepo. Nilimvalisha Ekai sweta, akakubali kuja mpaka kwenye mgunga tu, akasema hapo atageuka. Tulipofika nilisimama, nikainama, nikashika kamba ya kiatu changu cha shule. Niliifungua nikaifunga upya. Ekai akaniuliza, "Imelegea?" Nikamwambia, "Ndiyo." Magoti hayakutulia. Nikainuka. Kwenye mswaki kulikuwa na kitu kinavunja matawi. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti mbaya sana, imepasuka katikati, nikaendelea nayo: hodi, hodi, wazee wa laga. Matawi yakanyamaza. Niliimba mpaka mwisho, nikarudia, miguu yetu ikiwa bado haijagusa mchanga wa laga. Mgongo wa kijivu ukasogea kuelekea juu ya laga, si haraka. Kutoka kwenye mawe nikasikia Halima akipiga kelele, "Redio imerudi hewani!" Nikashuka. Ekai alibaki kwenye mti. Nilipofika katikati ya mchanga sikugeuka, niliimba tu, na nyuma yangu nikasikia nyayo zinakimbia, halafu mkono wake ukaingia kwenye mkono wangu, na kwa sauti nzito, nzito kadiri alivyoweza, akaitikia, "Kariiibuuu." Nilimfikisha mpaka mlangoni pa darasa lake. Nami nikaenda darasani kwangu, nikakaa, nikatoa vitabu.